Baba asikope euro 11,904 kwa muhula mmoja wa Ujerumani

SWALI

Wapendwa washauri, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya Jiografia na Mazingira, hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilipata barua kwamba nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, chini ya makubaliano ya kubadilishana wanafunzi. Muhula unaanza Oktoba. Huko silipi ada, naendelea kulipa hapa nyumbani. Nimepewa ufadhili wa euro 850 kwa mwezi, kwa miezi mitano.

Sasa furaha imeanza kuingia mchanga. Rafiki wa baba amemwambia kwamba bila kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ya Ujerumani, viza haitoki. Baba ameshachukua fomu ya mkopo SACCOS na anataka kuweka dhamana kiwanja chetu cha Chanika. Tangu siku hiyo mama hana usingizi.

Chumba nimekipata mtandaoni, euro 380 kwa mwezi, jirani kabisa na chuo. Mwenyewe anasema yuko Uingereza kikazi, nimtumie kwanza amana ya euro 760, kisha funguo zitakuja kwa posta. Amenitumia hata picha ya pasi yake ya kusafiria. Bima ya safari ya miezi sita nimeshanunua, ilikuwa ya bei nafuu. Tiketi ya kurudi ni ya tarehe 14 Februari, kwa sababu muhula wa pili hapa chuoni huanza mapema Machi. Kozi nimechagua kumi, zote za Kiingereza, nisije nikarudi mikono mitupu. Mkuu wa idara amesema kwa mdomo kwamba zitahesabiwa.

Naomba mniambie nimekosea wapi, na nianze na lipi. Sasa ni Juni, na naona kila ofisi inataka karatasi ambayo iko ofisi nyingine.

Binti wa Chanika

JIBU

Marahaba, mdogo wetu, na hongera sana.

Hiyo sentensi yako ya mwisho imegusa penyewe. Ujerumani karatasi moja huzaa nyingine: chumba huzaa barua ya mwenye nyumba, barua hiyo huzaa usajili wa anwani, usajili huzaa akaunti ya benki, na akaunti ndiyo inayopokea ufadhili wako. Pembeni yake bima huzaa usajili wa chuo. Anayekwama mara nyingi si kwa kukosa fedha, ni kwa kuanza na karatasi ya tatu kabla ya ile ya kwanza. Lakini tuanze na baba, kwa sababu kiwanja kikishawekwa dhamana kukitoa ni kazi.

Fomu ya SACCOS ibaki mezani kwanza. Rafiki wa baba hakudanganya, ila alichosema hakikuhusu wewe. Euro 11,904 ni kiwango kilichoanza Septemba 2024, yaani euro 992 kwa mwezi mara miezi 12, kwa mwanafunzi anayekwenda mwaka mzima na hana mfadhili. Fedha hizo hukaa kwenye akaunti inayoitwa Sperrkonto: unaziweka zote kabla ya viza, na ukishafika unaruhusiwa kutoa fungu la mwezi tu. Wewe huendi mwaka, na mfadhili unaye. Ubalozi unataka kuona kwamba kila mwezi utakaokaa una njia inayoeleweka ya kuishi. Barua ya ufadhili inahesabiwa, na Sperrkonto inajaza pale ilipopungua.

Sasa piga hesabu. Ukikaa miezi sita, Oktoba hadi Machi, inatakiwa 6 × 992, sawa na euro 5,952. Ufadhili wako ni 5 × 850, sawa na 4,250. Pengo ni euro 1,702. Wakikuhesabia miezi mitano tu, pengo linashuka hadi 710. Andika barua pepe kitengo cha viza cha ubalozi, ambatisha barua ya ufadhili, uulize mambo mawili tu: wanahesabu miezi mingapi, na kama pengo linaweza kuwekwa kwenye Sperrkonto peke yake. Jibu lichapishe, uende nalo siku ya miadi. Kiwango hiki hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kiangalie tena kwenye tovuti ya ubalozi wiki ile ile unayotuma fedha.

Kutuma nako kuna mtego. Fedha zikitoka benki ya Dar kwenda Ujerumani hupitia benki nyingine katikati, na kila moja hukata chake. Ukituma 1,702 kamili zinaweza kufika 1,670, na mtoa akaunti hatakuandikia uthibitisho mpaka itimie. Mwambie karani wa benki achague mtumaji abebe makato yote, kwenye fomu ya muamala kuna sehemu imeandikwa OUR, na hata hivyo ongeza euro 50 juu. Jina la mtumaji na namba ya kumbukumbu uliyopewa viandikwe bila kukosea herufi.

Usidhani pengo likijazwa mambo ya fedha yamekwisha. Sperrkonto itakupa kidogo kidogo kila mwezi, na ufadhili kwa kawaida huingia baada ya kujisajili chuoni na kufungua akaunti ya benki kule. Huku nyuma, wiki ya kwanza peke yake utadaiwa kodi ya Oktoba, amana ya chumba, mchango wa muhula ambao hata wa kubadilishana huulipa, bima ya mwezi wa kwanza, sufuria, shuka na chakula. Tungependa uwe na euro 1,200 hivi mkononi, sehemu taslimu na sehemu kwenye kadi inayokubalika nje. Jumlisha na lile pengo, ni kama euro 2,900. Hiyo ni chini ya robo ya alichotaka kukopa baba, na zile 1,200 utaweza kurudisha sehemu yake ufadhili ukianza kuingia. Ndugu aliyeko Ujerumani mwenye kipato anaweza pia kukusainia udhamini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, lakini ile saini humfunga kulipa gharama zako kwa miaka mitano. Usimwombe mtu kama vile unamwomba salamu.

Chumba. Usimtumie huyo mtu hata euro moja. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, funguo zitakuja kwa posta, amana kabla ya kuona, na picha ya pasi: huo ni utapeli wa siku zote katika miji ya vyuo Ujerumani, na hiyo pasi huenda ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako. Kama umeshamtumia nakala ya pasi yako, kata mawasiliano na utunze ujumbe wote.

Njia yako ni hosteli za wanafunzi. Ujerumani haziendeshwi na chuo chenyewe, zinaendeshwa na shirika liitwalo Studierendenwerk, na kwa Bayreuth ni Studierendenwerk Oberfranken. Kitengo cha kimataifa cha chuo mara nyingi huwasaidia wanafunzi wa kubadilishana kupata vyumba, lakini fomu ina tarehe ya mwisho, na hiyo ndiyo tarehe ya kwanza unayotakiwa kuijua leo. Fungua barua waliyokutumia, itafute, na kama haimo waandikie kesho asubuhi. Ukisoma tangazo lolote la chumba, tofautisha Kaltmiete na Warmmiete. Ya kwanza ni kodi tupu. Ya pili ina joto, maji na huduma za jengo ndani yake. Chumba cha 280 tupu kinaweza kuwa 370 ukijumlisha. Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu. Uliza pia mkataba unaisha lini, kwa sababu hosteli nyingi hukodisha kwa muhula mzima, hadi 31 Machi, hata kama wewe umeondoka Februari.

Ukishapewa funguo, omba siku hiyo hiyo karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Neno refu, karatasi fupi: mwenye nyumba anathibitisha kwamba umehamia tarehe fulani. Bila hiyo huwezi kusajili anwani, na sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Usajili wenyewe, Anmeldung, hufanyika ofisi ya wakazi ya manispaa. Unakwenda na pasi, viza na karatasi hiyo. Oktoba ofisi hizi hujaa wanafunzi, kwa hiyo weka miadi mtandaoni mara tu ukijua tarehe ya kuhamia. Utatoka na cheti cha usajili. Kitoe nakala tatu: benki wataitaka, na ofisi ya wageni pia.

Kisha fanya jambo ambalo wageni hulisahau. Andika jina lako la ukoo kwenye kisanduku cha barua, na kwenye kengele ya mlango kama ipo. Posta wa Kijerumani haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Kisanduku kikiwa bado na jina la aliyehama, barua yako inarudi ilikotoka. Na Ujerumani vitu vizito huja kwa barua ya karatasi: namba ya siri ya kadi ya benki, kadi ya bima, namba ya kodi ya mapato. Kipande cha karatasi na gundi ya uwazi vinatosha mpaka utakapopewa kibao rasmi. Jina liwe lile lile lililo kwenye pasi. Kama pasi ina majina matatu na mkataba wa chumba una mawili, yaandike yote matatu.

Barua moja itakayokushtua ni ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Inatozwa kwa nyumba, hata kama huna televisheni. Mkiwa mnaishi kwenye fleti moja ya pamoja analipa mmoja na mnagawana. Uliza wenzako namba ya mlipaji, uijaze kwenye jibu. Usiitupe barua hiyo, kwa kuwa deni huendelea kukua.

Turudi Dar, kwenye viza. Unayohitaji ni viza ya taifa, ile yenye herufi D. Ya Schengen ya siku 90 isikutamanishe kwa wepesi wake, kwa sababu ukiwa ndani ya Ujerumani huwezi kuigeuza kuwa ya masomo. Utalazimika kurudi nyumbani kuomba upya. Tangu 2025 maombi ya viza ya masomo yanaweza kujazwa kwenye lango la mtandaoni la huduma za kibalozi la Ujerumani, ukapakia nyaraka zikaguliwe, kisha ukaenda siku ya miadi na nyaraka halisi na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ni euro 75. Anza wiki hii. Majibu huchukua wiki kadhaa, na Julai hadi Septemba ndipo kila mwanafunzi anapoomba. Fomu kujazwa nusu ndiyo inayochelewesha zaidi: barua ya kukubaliwa isiyo na tarehe za kuanza na kumaliza, picha isiyo ya milimita 35 kwa 45, barua ya ufadhili isiyotaja kiasi kwa mwezi.

Ukikabidhiwa pasi, usiondoke dirishani kabla ya kusoma stika. Angalia jina, na angalia tarehe ya mwisho. Ikiwa inaishia Januari wakati mitihani ni Februari, waambie hapo hapo. Kama wameitoa fupi kwa utaratibu wao, basi ukifika Bayreuth omba miadi ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, wiki ya kwanza, maana ombi la kibali cha ukaaji lazima liwe limepokelewa kabla viza haijaisha.

Bima uliyonunua haikupotea. Inatosha kuombea viza na kukulinda siku za kwanza kabla hujasajiliwa. Lakini chuo hakitakusajili kwa bima ya safari. Chuo kinataka taarifa inayotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa bima wa umma, Krankenkasse, kuja kwao kwa mfumo wa kielektroniki; makarani huiita M10. Wewe hubebi karatasi. Unachofanya ni kuchagua mfuko mmoja, kujiandikisha mtandaoni kuanzia tarehe 1 Oktoba, na kuwaambia jina la chuo, kisha wao wanatuma. Kwa aliye chini ya miaka 30 gharama ni kama euro 130 hadi 150 kwa mwezi. Ni nyingi, tunajua, na ndiyo maana utakutana na matangazo ya bima binafsi ya euro 30 au 40. Kuichukua kunakulazimu kwanza kuomba msamaha wa bima ya umma, na msamaha huo ukishatolewa huwezi kuufuta kwa muda wote wa masomo yako. Bima hizo nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla. Kama una pumu au selimundu, usithubutu.

Tumefika kwenye masomo. Hapa ndipo barua yako ilipotutia wasiwasi kuliko kwenye fedha.

Kozi kumi haziwezekani. Kule mzigo huhesabiwa kwa pointi za ECTS, na muhula kamili ni 30. Pointi moja Ujerumani ni saa 30 za kazi, pamoja na kusoma mwenyewe. Kozi kumi za pointi tano ni pointi 50, sawa na saa 1,500. Zigawe kwa wiki 15 za vipindi: saa 100 kwa wiki. Kwetu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huhesabu saa 10 kwa krediti moja, na muhula una krediti 60 hivi, kwa hiyo vyuo vingi hubadilisha krediti mbili zetu kwa pointi moja yao. Chagua kozi tano, labda sita kama moja ni ya lugha ya Kijerumani, na uweke mbili za akiba. Akiba ni muhimu, maana kozi za Kiingereza ni chache na mara nyingine mbili hugongana Jumanne saa ile ile, na ratiba kamili hutoka karibu na mwanzo wa muhula.

Jua pia aina zake. Vorlesung ni mhadhara wa ukumbi mkubwa, na mara nyingi alama yote ni mtihani mmoja wa mwisho. Ile kozi weki ya asilimia 40 inayokubeba hapa, kule mara nyingi haipo. Ukikaa kimya hadi Januari huna cha kukuokoa. Seminar ni darasa dogo: unawasilisha mada mbele ya wenzako, kisha unaandika kazi ya kurasa 15 au zaidi, Hausarbeit, ambayo kwa kawaida huwasilishwa wiki kadhaa baada ya vipindi kuisha. Kwa mtu mwenye haraka ya kurudi kama wewe, seminar ni rafiki zaidi, kwa sababu kazi hiyo unaweza kuimalizia Chanika ukaituma kwa barua pepe, mradi mwalimu amekubali kwa maandishi. Ila seminar zina nafasi chache, na asiyekuja kipindi cha kwanza jina lake hufutwa. Ukichelewa kufika Ujerumani kwa wiki moja, umepoteza seminar, si wiki.

Kosa linalowaumiza wengi ni hili: kujiandikisha kwenye kozi si kujiandikisha kwenye mtihani. Ni usajili mbili tofauti. Wa mtihani hufunguliwa kwa muda katikati ya muhula na kufungwa, na dirisha likishafungwa unaweza kuwa umehudhuria kila kipindi na bado usiruhusiwe kukaa. Kwetu ukishasajili kozi, mtihani unakufuata wenyewe. Kule unaufuata wewe. Oktoba uliza kitengo cha mitihani tarehe za dirisha hilo, uziandike ukutani, na ukishajisajili piga picha ya skrini inayothibitisha.

Sasa ile tiketi. Vipindi vya muhula wa baridi katika vyuo vikuu huanza katikati ya Oktoba na kuisha mapema Februari. Mitihani ndipo inapoanza, na mingine huenda hadi Machi. Ukiondoka tarehe 14 utakuwa umesoma miezi minne na kuacha alama mezani. Ibadilishe iwe ya mwanzoni mwa Machi au, bora zaidi, iwe ya aina inayokubali kusogezwa kwa faini ndogo. Kisha wiki ya kwanza ya vipindi mfuate kila mwalimu baada ya darasa na swali moja: mtihani ni wa aina gani, tarehe ngapi, na kama tarehe ikipita siku yako ya kuondoka, anaweza kukufanyia mtihani wa mdomo mapema? Walimu wengi hukubali kwa mwanafunzi wa kubadilishana aliyeuliza Oktoba. Anayeuliza Februari hupewa pole. Na elewa kwamba sapu kule haipangwi kwa ajili yako. Ukifeli, mtihani wa marudio huenda ukaangukia wakati wewe uko darasani Dar.

Kuhusu kauli ya mkuu wa idara, mheshimu, mshukuru, halafu umwombe saini. Hati inaitwa mkataba wa masomo, na inasainiwa na watatu: wewe, chuo chako na chuo cha Bayreuth. Ndani yake kila kozi ya kule inaandikwa mkabala na kozi ya hapa itakayochukuliwa kuwa imefanyika, pamoja na krediti zake. Kozi ya lazima ya muhula wa kwanza isiyo na mwenzake kule, uliza sasa utaifanya lini, usije ukaikuta mwaka wa tatu inagongana na utafiti wako. Ukibadilisha kozi Oktoba, badilisha na mkataba ndani ya wiki hizo za mwanzo, saini zote tatu tena. Wakuu wa idara hubadilishwa, saini hubaki.

Waombe pia wakuandikie namna watakavyobadilisha alama, kwa sababu mizani zetu zimegeuziana mgongo. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ya kufaulu ya chini, na 5.0 ni kufeli. Hapa GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Karani asiyejua akiona 1.3 kwenye transkripti yako anaweza kuisoma kama msiba, kumbe ulikuwa miongoni mwa bora wa darasa. Hakikisha transkripti inakuja na ukurasa wa maelezo ya mizani. Hutoka wiki kadhaa baada ya mtihani wa mwisho, kwa hiyo chuo chako kiandikiwe mapema kwamba matokeo yatachelewa, usije ukaonekana hukufanya mtihani. Na kama una mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, usipande ndege kabla ya kumwona afisa mikopo wa chuo na kujua kusaini kwako kutafanyikaje ukiwa nje.

Madogo machache ya safari. Wengi hushuka Frankfurt au München, kisha treni hadi Nürnberg, na kutoka hapo Bayreuth ni kama saa moja. Baadhi ya treni za mikoa hugawanyika njiani, mabehewa ya mbele yanakwenda mji mmoja na ya nyuma mwingine. Soma maandishi ya kwenye behewa lako, usiishie ubao wa stesheni. Usifike Jumamosi jioni: Bayern, jimbo ilipo Bayreuth, maduka hufungwa saa mbili usiku na Jumapili hayafunguliwi, na ofisi ya kutoa funguo za hosteli nayo haifanyi kazi wikendi. Lenga Jumatatu au Jumanne asubuhi.

Saa nazo zitakuchanganya mara mbili. Kipindi kikiandikwa 10 c.t. kinaanza 10:15, kwetu saa nne na robo asubuhi, kikiandikwa s.t. kinaanza pale pale. Mjerumani akikwambia »halb neun« anamaanisha nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30, na sisi tunaita saa mbili na nusu. Miadi ya ofisini iandike kwa tarakimu mbele yake, umwonyeshe.

Kazi ya kujipatia fedha inaruhusiwa kwa wanafunzi kutoka nje, siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, lakini kwa muhula mmoja, ukiwa bado unasubiri namba ya kodi na Kijerumani hujakishika, usiiweke kwenye bajeti. Bajeti ya kweli ni kula mchana Mensa, ukumbi wa chakula wa wanafunzi, na kupika usiku. Ukiugua usiku na si hatari, namba ni 116117. Hatari ya maisha ni 112. Kuhusu upweke, ambao Novemba giza linapoingia saa kumi na moja jioni humpata hata mchangamfu, una bahati ya mji: Bayreuth Kiswahili hufundishwa chuoni, na kongamano la Kiswahili hufanyika hapo kila mwaka. Ulizia idara ya lugha za Kiafrika wiki ya kwanza. Wanafunzi wa Kijerumani wanaojifunza lugha yako wanatafuta mtu wa kuongea naye, na wewe unatafuta mtu wa kukusomea barua za manispaa.

Kuondoka kuna mpangilio wake vilevile. Wiki ya mwisho kabla ya kuhama nenda manispaa ujifute kwenye usajili, Abmeldung, wanakuruhusu kuanzia siku saba kabla. Cheti utakachopewa ndicho utakachotuma kusimamisha bima na mchango wa redio. Ukiondoka kimya, madai yanaendelea kuja kwenye kisanduku ambacho hukifungui tena. Chumba kipige picha kila kona siku ya kuingia na siku ya kutoka. Akaunti ya benki usiifunge siku hiyo, maana amana ya chumba haitoki dirishani, huja kwa benki, na inaweza kuchukua miezi. Iache wazi mpaka amana iingie, ihamishie kwa baba, halafu waandikie benki barua ya kuifunga.